Gari la kifahari lililotumika: maswali tunayoulizwa kila wiki gerejini

Gereji yetu iko Ndeeba, Kampala. Kazi yetu kubwa ni magari ya Ulaya na Lexus. Wateja wanaozungumza nasi Kiswahili ni wengi: watu wa Bombo, wa Arua, wafanyabiashara wa Busia na Malaba, na ndugu zetu Wakongomani wanaoishi hapa mjini. Baadhi yao huja kuuliza kabla ya kulipa. Wengine huja wiki mbili baada ya kulipa, gari likiwa limefungwa kamba nyuma ya lori, na hao ndio wanaotuumiza moyo. Ukurasa huu tumeuandika tukiwafikiria hao.

Nimeona Mercedes ya 2012 kwa bei inayokaribia ya Toyota ya kawaida. Kwa nini iko chini hivyo?

Kwa sababu mwenyewe wa kwanza, huko Japani au Uingereza, amepiga hesabu akaona matengenezo yanayokuja yatamla. Japani gari jipya hukaguliwa likifika miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo una gharama zake. Gari la kifahari likishazeeka kidogo, mwenyewe huona heri aliuze kuliko kulitengeneza ili lipite.

Jambo la kukumbuka ni hili: bei ya gari inashuka, bei ya spea zake haishuki. Gari lililokuwa la tajiri likiwa jipya bado linakula spea za tajiri hata kama wewe umelinunua kwa robo ya bei. Giaboksi ya Mercedes haijui kwamba gari sasa ni la mwalimu wa sekondari.

Sheria inaruhusu gari la umri gani kuingia Uganda?

Tangu sheria ya usalama barabarani iliporekebishwa mwaka 2018, gari lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe haliruhusiwi kuingizwa. Kinachohesabiwa ni mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo usidanganywe na mwaka lilipoandikishwa mara ya kwanza. Tahadhari pia na magari ya miaka 13 na 14. Huko nje yanauzwa haraka haraka kwa sababu mlango unakaribia kufungwa, na bei yake huvutia sana. Kwa Toyota ya kawaida hilo halina neno. Kwa gari lenye mifuko ya hewa ya sasupensheni na kompyuta kila kona, umri huo ndio mpira, plastiki na waya vinapoanza kukatika vyote kwa pamoja.

Kodi je?

Usipige hesabu kichwani, na usimsikilize dalali. URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, wana kikokotoo kwenye tovuti yao: unaingiza aina ya gari, mwaka na ukubwa wa injini. Kuna ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18, kodi ya zuio, na ada ya mazingira kwa magari yaliyozeeka. Kodi hulipwa kwa thamani ambayo URA wenyewe wanaikubali, hata kama risiti yako inaonyesha umenunua kwa bei ya kutupa. Wapo waliofurahia bei ya mnada Japani, gari likafika, wakakuta kodi ni kubwa kuliko gari.

Dashibodi inasoma kilometa 68,000. Niamini?

Usiiamini mpaka uione imeandikwa mahali pengine. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijui mali ambayo maneno hayo yanaifaa kuliko gari la aina hii.

Kama gari limetoka Japani kwa mnada, omba karatasi ya mnada. Juu kuna alama ya jumla: 4 na 4.5 ni nzuri, 3.5 ni gari lililotumika lakini bado lina uhai, na herufi R au RA maana yake liligongwa likatengenezwa. Ndani hupewa herufi A mpaka D. Chini kuna mchoro wa gari wenye alama ndogo ndogo: A ni mchubuko, U ni kibonyeo, W ni mahali palipopigwa rangi au kunyooshwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. Kilometa nazo zimeandikwa pale pale. Muuzaji akikuambia karatasi imepotea, muulize namba ya chesisi na utafute mwenyewe, kwa maana kuna huduma za kutafuta rekodi za mnada kwa malipo madogo.

Kama limetoka Uingereza, kama zilivyo Range Rover nyingi, una bahati zaidi. Ukiwa na namba ya usajili ya Uingereza unaweza kusoma bure, kwenye tovuti ya serikali yao, historia yote ya ukaguzi wa MOT: kilometa za kila mwaka (wao huandika maili, kwa hiyo zidisha kwa 1.6), na kila kasoro iliyoandikwa na mkaguzi. Nimekaa na wateja tukisoma kurasa hizo kwenye simu, na mara mbili tuliona maili zikipanda kila mwaka halafu zinashuka ghafla. Tazama pia maneno ya kutu. Wenzetu wale humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, na chumvi hiyo hula chesisi na mabomba ya breki kutoka chini, mahali ambapo picha za mtandaoni hazifiki.

Bila karatasi yoyote, tazama usukani, pedali ya breki na ukingo wa kiti cha dereva upande wa mlango. Gari la kilometa 68,000 haliwezi kuwa na pedali iliyolainika kama sabuni.

Nikifika bondini, yadi ya magari yaliyoagizwa ambayo bado hayajalipiwa kodi, nianzie wapi?

Anza kwa kufika mapema bila kumwambia mtu. Hili ndilo ombi langu kubwa kuliko yote kwenye ukurasa huu.

Ukipiga simu ukasema unakuja saa nne, vijana wa bondi wataliwasha gari saa tatu na nusu. Injini iliyopashwa moto inaficha mengi. Fika saa mbili asubuhi, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ni vuguvugu, waambie utarudi kesho, na kesho urudi kweli. Ikiwa ni baridi, fungua boneti, simama karibu, mwambie mtu awashe. Sekunde mbili za kwanza ndizo zinazosema ukweli. Kama utasikia mlio wa kukwaruza, kama mnyororo wa baiskeli unaovutwa juu ya bati, kisha ukanyamaza, hiyo ni cheni ya taimingi (inayozungusha kemshafti, shafti inayofungua valvu) iliyolegea, au gia za kemshafti zilizolika. Muuzaji atakuambia ni oili inapanda. Oili ikipanda hailii hivyo.

Mwezi uliopita nilimsindikiza dada mmoja muuguzi kuangalia Mercedes C200 nyeupe, safi mpaka chini ya mazulia. Tuliiwasha ikiwa baridi. Nilisikia mlio ule, nikamwomba azime tusubiri. Tulipoiwasha tena kimya, kijana wa bondi akatabasamu. Nikamwambia dada, tutoke. Alikuwa ameshaipenda gari ile, na machozi yalimlengalenga getini. Wiki tatu baadaye alipata nyingine ya mwaka huo huo yenye kitabu cha huduma, na ndiyo anayoendesha mpaka leo.

Baada ya hapo fungua kifuniko cha oili. Ukiona tope jeusi limeganda, mwenyewe hakuwa akibadilisha oili kwa wakati. Angalia chupa ya maji ya radieta: yanatakiwa kuwa na rangi ya kuleni (dawa maalumu ya kupoza injini), siyo maji ya bomba yenye kutu. Washa kila kitu: madirisha, viti vya umeme, AC, kamera, paa la kioo. Kila kinachogoma kiandike, ukipunguze kwenye bei. Mwisho chomeka mashine ya kusoma makosa. Ikiwa inaonyesha hakuna kosa hata moja na kumbukumbu zote zimefutwa asubuhi hiyo, nalo ni jibu.

Injini zipi tuziogope?

Nitaandika zile tunazokutana nazo hapa Kampala, nikitaja na namba zake ili uweze kuzitafuta.

Mercedes C-Class ya mwili wa W204 yenye injini ya lita 1.8, M271: cheni na gia za kemshafti, kama nilivyosema juu. Ikishughulikiwa mapema ni kazi ya siku mbili tatu. Ukichelewa, cheni inaruka na valvu zinagonga pistoni. Mwili huo huo una ugonjwa wa kufuli la umeme la usukani: unaingiza ufunguo, hauzunguki, dashibodi kimya. Watu hununua betri mpya bure. Kinachokufa ni mota ndogo ndani ya kufuli. V6 za M272 za mwanzo, mpaka karibu 2008, zina gia ya shafti ya mizani inayolika, na kuifikia lazima injini ishuke. Siku hizi haziruhusiwi kuingia, lakini zipo nyingi sokoni zikiwa na namba ya Uganda.

BMW: 320i ya mwili wa F30 ya 2012 mpaka 2015 ina injini N20, ambayo reli za plastiki za cheni huvunjika vipande na kuanguka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Dizeli ya N47 ni mbaya zaidi, kwa sababu cheni iko nyuma, upande wa giaboksi. Kinyume chake, injini ya silinda sita N52 iliyo kwenye 323i na 325i za zamani naipenda kwa moyo wote. Ni injini ya kweli. Inavuja oili kwenye gasketi mbili tatu zinazojulikana, na pampu yake ya maji ya umeme hufa bila kuaga, lakini ukishaijua unaibadilisha kabla, na gari linakwenda.

Audi A4 na Q5 zenye 2.0 TFSI za karibu 2009 mpaka 2012 hula oili, kwa sababu ya ringi za pistoni. Mteja wetu mmoja alikwenda Mbarara na kurudi, kilometa kama 540, akaongeza lita moja njiani. Injini za kizazi kilichofuata ni afadhali sana.

Range Rover Sport na Discovery za dizeli ya V6: kranki, shafti kuu ya injini, hukatika. Hakuna lugha laini ya kulisema hili. Siyo zote, lakini ikitokea, injini imekwisha, na tumeona gari lililokuwa likienda vizuri asubuhi likavutwa jioni. Zile za petroli za V8 5.0 za mwanzo zina reli za cheni za kuangalia. Anayeitaka Range Rover aitafute akiwa tayari ana pesa ya injini pembeni. Kama hana, naomba aache. Nimeona familia zikiuza kiwanja kwa ajili ya gari hilo.

Lexus RX 350 ndiyo tunayoipendekeza kwa wengi. Injini yake, 2GR-FE, ni ile ile ya Toyota, na kasoro yake inayojulikana, bomba la oili lenye kipande cha mpira kwenye za mwanzo, hurekebishwa kwa kuweka bomba la chuma kitupu. Ni kazi ndogo. Hakikisha imefanyika. LX 570 nayo ni imara ajabu, ila petroli yake ujiandae, na mfumo wake wa kupanda na kushuka kwa mafuta ya haidroliki ukichoka ni ghali.

Sasupensheni ya hewa ina shida gani? Mbona inaendeka vizuri sana?

Inaendeka vizuri kwa sababu gari linakaa juu ya mifuko ya mpira iliyojaa hewa. Mpira unazeeka, na mashimo yetu na vumbi la murram havisaidii. Ufa mdogo ukitokea, kompresa hufanya kazi saa zote kujaza hewa inayotoka, mpaka nayo inaungua. Kwa hiyo aliyepuuza mfuko mmoja hulipa mfuko na kompresa.

Kuipima ni rahisi. Ombeni gari liegeshwe jioni, mrudi asubuhi. Kama kona moja imelala chini kuliko nyingine, mmekwisha kujibiwa. Wapo wanaobadilisha na kuweka springi za chuma. Inawezekana, na kwa gari la zamani siyo aibu, lakini taa ya dashibodi itawaka na raha ile uliyoilipia itakuwa imekwenda.

Fundi wangu wa mtaani amenitengenezea Toyota miaka 10. Hawezi hili?

Huenda ana mikono mizuri kuliko wetu. Swali ni kama ana mashine ya gari hilo na kama anajua kuitumia. BMW ukiibadilishia betri lazima uiambie kompyuta kwamba betri ni mpya, la sivyo itaendelea kuichaji kama nzee na kuiua mapema. Ndivyo zilivyo hizi gari.

Kuna tabia mbili zinazotuletea kazi nyingi. Ya kwanza ni kutoa themostati, valvu inayodhibiti joto la injini, kwa hoja kwamba Afrika kuna joto. Injini ya kisasa inataka kufika joto lake maalumu. Isipofika, kompyuta inaendelea kumwaga petroli kama vile ni asubuhi ya baridi, plagi zinachafuka na mafuta yanaliwa. Ya pili ni kujaza maji ya bomba badala ya kuleni. Gari langu la kwanza la Ulaya liliharibiwa hivyo hivyo kwenye gereji moja hapa mjini: walitoa themostati, wakajaza maji, na baada ya miezi minane pampu na radieta vilikuwa vimeliwa na kutu. Sikujua hata kwamba walikuwa wameigusa. Tangu siku hiyo kila mteja wetu tunamwonyesha spea iliyotoka na iliyoingia, mkononi.

Ushauri wangu: kabla hujanunua, tafuta mafundi wawili Kampala wanaolijua gari hilo hilo. Ukikosa hata mmoja, badilisha gari unalolitaka. Ukiwa unaishi Arua au Kabale, swali hili lina uzito mara mbili.

Spea si zipo soko la Kisekka?

Zipo, na Kisekka imetuokoa mara nyingi. Taa, kioo, mlango, bampa, rimu: nunua iliyotumika bila wasiwasi. Cheni, pampu ya maji, breki, sensa za injini na mifuko ya hewa ya sasupensheni: nunua mpya, na utaje namba ya chesisi, siyo jina la gari tu, kwa sababu mwaka mmoja wa C-Class unaweza kuwa na aina tatu za pampu. Vifaa vyenye kompyuta, kama ubongo wa giaboksi au kufuli la usukani, vimefungwa kwa gari lake la asili. Ukichomoa kwenye gari jingine na kuchomeka kwako, havitazungumza mpaka mtu mwenye mashine avioanishe.

Oili nibadilishe lini? Kitabu kinasema kilometa 15,000 au zaidi.

Kitabu kiliandikiwa barabara kuu za Ujerumani. Saa mbili za foleni ya Jinja Road injini inazunguka bila kilometa kuongezeka. Sisi tunabadilisha kwa kilometa 5,000 mpaka 7,000, kwa oili yenye idhini ya mtengenezaji iliyoandikwa nyuma ya chupa, kwa mfano 229.5 kwa Mercedes. Oili ya giaboksi inayosemwa ni ya maisha yote nayo ibadilishwe. Hata ZF, wanaotengeneza giaboksi za BMW, wanapendekeza kati ya kilometa 80,000 na 120,000.

Dizeli ya Ulaya ni nzuri kwa mjini?

Kwa mtu wa safari ndefu, ndiyo. Kwa anayetoka Ntinda kwenda katikati ya mji na kurudi, hapana. Chujio la moshi linahitaji mwendo mrefu wa kasi ili lijichome masizi, na foleni haitoi nafasi hiyo.

Redio inaongea Kijapani na haishiki stesheni zetu.

FM ya Japani huanzia 76 na hukomea 90 au 95, yetu inafika 108. Kuna kifaa kidogo cha kuongeza masafa. Ni jambo dogo. Usikatae gari zuri kwa ajili yake.

Ninunue bondini au kwa mtu mwenye namba ya Uganda tayari?

La bondini hujui limepita wapi. La mtu unaweza kumuuliza fundi wake, na kama muuzaji hataki kukupa namba ya fundi, jiulize kwa nini. Lakini la mtu lina hatari ya karatasi: kuna magari ambayo logibuku yake (kitabu cha umiliki) imewekwa rehani kwa mkopeshaji, na mengine yana faini za barabarani zilizorundikana. Thibitisha jina na namba ya chesisi kwenye sajili ya serikali kabla ya kulipa hata shilingi ya kishika uchumba, na mabadiliko ya umiliki yafanyike siku hiyo hiyo ya malipo.

Nitenge kiasi gani pembeni?

Kipimo chetu ni robo ya bei ya gari, ikae benki, isiguswe. Kwa Lexus RX unaweza kushuka kidogo. Kwa Range Rover panda. Kama ukilipa gari hubakiwi na robo hiyo, nunua gari dogo kuliko hilo. Harrier safi inayokufikisha kazini kila siku ina heshima kamili.

Nimekwisha kununua. Niko Mukono, taa imewaka. Nifanye nini?

Tazama rangi. Ya njano, AC zima, endesha taratibu, njoo. Nyekundu ya oili au ya joto, egesha hapo hapo, hata kama umebakiza kilometa mbili kufika. Zima injini. Usifungue kifuniko cha radieta kikiwa cha moto, na usimruhusu mtu yeyote amwage maji baridi kwenye injini inayochemka, kwani silinda hedi inaweza kupasuka. Piga picha ya dashibodi na ya ardhi chini ya gari, mumtumie fundi wako zote mbili. Picha ya ardhi ndiyo anayoihitaji zaidi: rangi ya kinachodondoka humwambia ni kuleni, oili au ni maji ya AC tu, na kwa hiyo kama aje na lori au aje na chupa.